Siku 10 Lyon: namna ya kurudi na Kifaransa kinachotumika

Mtalii wa kawaida huikata Ufaransa vipandevipande: Paris siku tatu, Nice mbili, Strasbourg mbili, na treni katikati. Anaona mengi, anarudi na picha tele, na Kifaransa chake kinabaki palepale kwenye "bonjour" na "merci". Hakuwa mvivu. Kila mji alianza upya kama mgeni, na mgeni wa siku mbili huhudumiwa kwa Kiingereza kwa sababu foleni nyuma yake ni ndefu. Lugha hushika pale muuza mikate anapokuona mara ya nne na kuanza kukusemesha yeye mwenyewe.

Ndiyo maana mwongozo huu unakuweka mji mmoja tu. Lyon inafaa kwa sababu ni mji wa watu walio kazini, si wa watalii peke yao. Unatembeleka kwa miguu. Na una vya kuona vya kutosha siku 10 bila kurudia. Kutoka Paris ni saa mbili hivi kwa TGV, treni ya kasi ambayo njia yake ya kwanza, iliyofunguliwa 1981, ilikuwa hiyohiyo ya Paris na Lyon.

Karatasi kwanza

Mwenye pasipoti ya Tanzania, Kenya au Uganda anahitaji viza ya muda mfupi ya Schengen, yaani eneo la nchi za Ulaya zenye viza moja, Ufaransa ikiwemo, inayoruhusu kukaa hadi siku 90 ndani ya kila siku 180. Ombi hupokelewa kuanzia miezi 6 kabla ya safari hadi siku 15 kabla. Usikaribie hizo 15. Wanaosafiri Juni hadi Agosti ni wengi na nafasi za miadi huisha mapema. Ada ya mtu mzima ni euro 90 tangu Juni 2024, na hairudishwi ukinyimwa.

Pasipoti iwe imetolewa ndani ya miaka 10 iliyopita, iwe na kurasa mbili tupu, na iwe hai angalau miezi 3 baada ya siku unayotoka Schengen. Bima ya safari iwe na kinga isiyopungua euro 30,000. Kiwango cha fedha ambacho Ufaransa hukitaka ni euro 65 kwa siku kama umeshashika hoteli, 120 kama hujashika, na 32.50 kama unafikia kwa mwenyeji mwenye "attestation d'accueil", yaani cheti anachokiomba yeye katika ofisi ya manispaa ya mtaa wake. Viwango hubadilika, kwa hiyo vithibitishe kwenye tovuti rasmi ya viza za Ufaransa wiki unayojaza fomu.

Maombi mengi huanguka kwenye vitu vidogo. Bima inaishia tarehe 14 na ndege inarudi tarehe 15. Taarifa ya benki inaonyesha akaunti kavu miezi miwili, kisha mamilioni yanaingia kwa mkupuo juma la ombi. Hoteli imeshikwa Lyon usiku nne, na siku sita nyingine hazijulikani utalala wapi. Panga tarehe zote kwenye karatasi moja na uzisome kama afisa. Na usinunue tiketi isiyorudishika kabla viza haijabandikwa.

Ukitua Paris kwenye uwanja wa Charles de Gaulle, huna haja ya kuingia mjini. Kituo cha TGV kipo hapohapo uwanjani, Terminal 2, na zipo treni za moja kwa moja hadi Lyon Part-Dieu. Weka angalau saa tatu kati ya kutua na treni, maana foleni ya uhamiaji haitabiriki na tiketi za bei rahisi zikipitwa ndiyo basi.

Wiki nane kabla ya kuondoka

Usiende ukiwa sifuri. Siku 10 hazifundishi lugha. Huamsha ile uliyokwenda nayo. Ngazi ya kwanza kabisa, A1, kwa kawaida huchukua saa 60 hadi 100 za masomo. Alliance Française, taasisi inayofundisha Kifaransa, ipo Dar es Salaam, Arusha, Nairobi, Mombasa na Kampala. Usipopata darasa, saa moja kila siku kwa wiki nane itakufikisha karibu, ilimradi nusu ya saa hiyo uwe unatoa sauti. Anayesoma kimyakimya hufika Lyon akiwa bubu anayejua kusoma mabango.

Shughulikia matamshi kabla ya msamiati. Mswahili ana mitego mitatu.

Wa kwanza ni kuongeza irabu mwishoni. Silabi zetu huisha na irabu, kwa hiyo "merci beaucoup" haitusumbui, lakini "avec" inageuka "aveki" na "tarte" inageuka "taruti". Kifaransa hukata ghafla. Tena kukata huko kuna maana: "petit" haina t inayosikika mwishoni, "petite" inayo, na hiyo ndiyo tofauti ya kiume na kike.

Wa pili ni irabu za puani. Wengi wetu tunafunga "bon" kwa ng' ya ng'ombe. Ulimi usiguse popote. Pumzi ipite puani na mdomoni kwa pamoja, basi. Jipime kwa "vin", "vent" na "vont": divai, upepo, wanakwenda. Ukizitamka tatu na mwenzako akashindwa kuzitofautisha, bado.

Wa tatu ni u ya Kifaransa. Sema i, kisha bila kusogeza ulimi, kunja midomo kama anayepiga mluzi. "Rue" ni mtaa na "roue" ni gurudumu. "Dessus" ni juu na "dessous" ni chini. Anayetafuta ghorofa ataona umuhimu wake.

Kiswahili chako ni mtaji

Vitabu vingi vya Kifaransa tunavyovipata vimeandikwa kwa ajili ya wasemaji wa Kiingereza, na huogopesha pasipo sababu. Wanalia kuhusu jinsia za majina. Wewe umekulia kwenye ngeli, unasema "kiti kizuri kimevunjika" bila kufikiri. Kifaransa kina ngeli mbili tu, na upatanisho wake ni mwepesi ukilinganisha na wetu. Jifunze kila jina na kitangulizi chake, "la gare", "le pain", kama vile usivyoweza kuijua "kiti" bila ki-. Miisho husaidia: -tion, -té na -ette kwa kawaida ni za kike, -age, -ment na -eau kwa kawaida za kiume.

Umoja na wingi husikika mwanzoni, kama kwetu. Sisi tuna kitabu na vitabu. Wao wana "le livre" na "les livres", na ile s ya mwisho haitamkwi kabisa. Sikiliza mwanzo wa neno, si mkia.

Sifa hufuata jina: shati jekundu, "une chemise rouge". Chache za kila siku, kama "petit", "grand", "bon" na "beau", hutangulia.

Kiwakilishi cha mtendwa hukaa kabla ya kitenzi: katika "ninaichukua", i imetangulia chukua, na katika "je la prends", la imetangulia prends. Msemaji wa Kiingereza hupigana na hili miezi. Wewe limo kichwani mwako tangu utotoni.

Ukanushi nao hushika ncha mbili: "siendi" ina si- mbele na -i nyuma, "je ne vais pas" ina ne na pas. Tofauti ni kwamba mtaani Wafaransa huitupa ile ne. Utasikia "je sais pas", na likisemwa haraka ni "shepa". Ukingoja kusikia ne ndipo ujue mtu amekataa, utaelewa kinyume.

Sasa pale Kiswahili kinapodanganya. "Si" kwetu hukana. Kwao ni "ndiyo" ya kupinga aliyekana: "Vous n'avez pas faim ?" "Si !", maana yake nina njaa bwana. Na swali lenye ukanushi ni shimo. Keshia akiuliza "Vous n'avez pas de carte ?", Mswahili asiye na kadi hujibu "oui", kwa maana ya ndiyo, sina. Keshia anabaki kukutazama. Jibu ni "non".

Saa ndiyo inayokosesha watu treni. Saa mbili asubuhi ni "huit heures", na ratiba zote huandikwa kwa mfumo wa saa 24. Kuanzia saa moja asubuhi hadi saa kumi na mbili jioni, ongeza 6: saa nane mchana ni 14 h. Kuanzia saa moja jioni hadi saa tano usiku, ongeza 18: saa mbili usiku ni 20 h. Chini ya kila tiketi andika saa ya Kiswahili kwa kalamu, kisha uisome kwa Kifaransa kwa sauti.

Na namba. Bei ya 4.95 husomwa "quatre quatre-vingt-quinze", na sikio changa husikia nne, nne, ishirini, kumi na tano. Aliyesikia Kifaransa cha Bujumbura, Kigali au Lubumbashi amezoea "septante" kwa 70 na "nonante" kwa 90, urithi wa Wabelgiji. Lyon hawasemi hivyo. Ni "soixante-dix" na "quatre-vingt-dix". Soma kwa sauti namba za magari barabarani, kutoka 70 hadi 99, mpaka zikome kukushtua.

Kazi ya kila siku: bekari ileile, saa ileile

Mahali pa kulala pasiwe hoteli kubwa karibu na stesheni. Tafuta chumba ndani ya nyumba ya mtu, "chambre chez l'habitant", au nyumba ndogo ya kupanga mitaa ya Croix-Rousse, Guillotière au Monplaisir, penye bekari, mkahawa na soko ndani ya dakika tano. Mapokezi ya hoteli kubwa yatakuongelesha Kiingereza hata uwaambie nini.

Kila usiku andika sentensi tano utakazozihitaji kesho. Ziwe tano kweli, si ishirini. Asubuhi zitumie. Ukitoka dukani tu, kabla hujasahau, andika ulichojibiwa kwa herufi za Kiswahili kama ulivyokisikia: "e avek sesi". Herufi zetu hushika sauti vizuri mno kwa kazi hii. Jioni utatafuta tahajia yake halisi, na neno hilo halitakutoka tena.

Haya ndiyo mazungumzo ya bekari, karibu yote, na hayabadiliki sana kutoka duka moja hadi jingine:

"Bonjour madame."
"Bonjour, je vous écoute."
"Une tradition, s'il vous plaît, pas trop cuite."
"Et avec ceci ?"
"Ce sera tout, merci."
"Un euro trente."
"Par carte, c'est possible ?"
"Oui. Vous voulez le ticket ?"
"Non merci. Bonne journée !"

"Bonjour" ni hodi. Ukianza na ombi kabla ya salamu umeingia nyumbani kwa mtu bila kubisha, na utajibiwa kwa ubaridi unaoustahili. Ukimrudia mtu yuleyule siku hiyohiyo, "bonjour" ya pili inashangaza. Sema "rebonjour" au utabasamu tu. "Tradition" ni baguette bora kuliko ya kawaida. "Pas trop cuite" ni isiyoungua sana. "Et avec ceci ?" huwachanganya wageni wengi kwa sababu haiko vitabuni: anauliza kama kuna kingine. "Ticket" hapo ni risiti. Maduka mengine hayapokei kadi kwa kiasi kidogo, na utaona bango dogo karibu na mashine, kwa hiyo weka sarafu mfukoni.

Siku tatu za mwanzo usiongeze kitu. Lenga uyaseme hayo bila kusita. Siku ya nne ongeza swali moja: onyesha kidude cha rangi ya waridi kilichopo karibu kila bekari ya Lyon na useme "C'est à quoi, ça ?" Utajibiwa "à la praline". Ni lozi zilizofunikwa sukari iliyotiwa rangi, zikawekwa kwenye mkate mtamu au kwenye tarti. Siku ya sita, muuzaji mwenyewe atakuuliza unatoka wapi. Hapo ndipo mnaanza kuzungumza.

Omba kwa "je voudrais". Ni "naomba" yetu. "Je veux" ni "nataka" ya mtoto aliyekosa adabu. Kila mtu mzima usiyemjua ni "vous", wewe ya heshima, na usihamie "tu", wewe ya waliozoeana, mpaka yeye aanze.

Sokoni

Soko la quai Saint-Antoine, kando ya mto Saône, na lile la boulevard de la Croix-Rousse hufunguliwa asubuhi, Jumanne hadi Jumapili. Nenda mara tatu, kwa muuzaji yuleyule.

Usiguse matunda, muuzaji ndiye anayechagua. Foleni haina mstari. Atauliza "C'est à qui ?", na zamu yako ikifika sema "C'est à moi" kwa sauti, la sivyo bibi mwenye kikapu atapita mbele yako kwa haki kabisa. Vipimo: "un kilo", "une barquette" ni kijisanduku cha matunda, na "une livre" ni nusu kilo, binamu wa ratili yetu. Ukinunua parachichi au tikiti utaulizwa "C'est pour aujourd'hui ?", anataka kukupa lililoiva kulingana na siku utakayolila.

Hakuna kupatana bei. Ukisema "c'est trop cher, baissez un peu" kama uko Kariakoo, utaonekana unamtukana. Lakini soko likikaribia kuvunjwa, saa saba mchana hivi, wauzaji wenyewe hutangaza bei za kumalizia. Simama usikilize, maana wanayatamka maneno yaleyale mara kumi na bei imeandikwa mbele yako.

Pa kwenda, na cha kufanya ukifika

Siku ya kwanza usipange kitu kikubwa. Tembea place Bellecour, uwanja ulio kati ya mito miwili, Rhône na Saône, na nunua tiketi ya usafiri wa mji kwenye mashine bila kubadilisha lugha. Tiketi moja ni ya saa moja na inatumika kwenye metro, tramu na basi. Iguse kwenye kisomaji kila unapopanda, hata ukiwa umebadilisha gari ndani ya saa hiyo. Wakaguzi hawana huruma na "je ne savais pas". Simu yako nayo igeuze iwe ya Kifaransa siku hiyohiyo.

Fourvière, kilima cha juu ya mji, na Vieux Lyon, mji mkongwe, zipewe siku nzima. Panda kwa treni ndogo ya kamba kutoka kituo cha Vieux Lyon, tazama mji kutoka kwenye kanisa kuu la juu, kisha shuka kwa miguu ukipitia ukumbi wa maonyesho wa Kirumi. Mji huu ulianzishwa na Warumi mwaka 43 kabla ya Kristo, ukiitwa Lugdunum. Makumbusho yake yamechimbwa ndani ya kilima kando ya magofu, na maandishi yake ya ukutani ni mafupi. Soma kibao kimoja kwa sauti ya chini, piga picha, nenda kingine. Vibao vitano vinatosha. Anayesoma hamsini hakumbuki hata kimoja.

Chini, mtaa wa Saint-Jean, ndiko ziliko "traboules": vichochoro vilivyofunikwa vinavyopita ndani ya majumba kutoka mtaa mmoja hadi mwingine. Kile kirefu zaidi cha Vieux Lyon huingilia namba 54 rue Saint-Jean na kutokea 27 rue du Bœuf. Nenda asubuhi, sukuma mlango au bonyeza kitufe chake. Watu wanaishi humo, kwa hiyo kimya. Mkipishana na mkazi, "bonjour" ni lazima.

Croix-Rousse ni kilima cha wafumaji hariri, "les canuts", walioinuka dhidi ya wafanyabiashara mwaka 1831 kwa ajili ya malipo ya kazi yao. Kwenye Maison des Canuts, rue d'Ivry, kuna maelezo kwa Kifaransa huku mashine ya kufumia ya Jacquard, ile ya kadi zenye matundu, ikiendeshwa mbele yako. Hakuna somo la kusikiliza linaloshinda hili: mikono inafanya kile mdomo unachokisema. Nenda ukijua maneno manne. "Soie" ni hariri, "fil" ni uzi, "navette" ni kile chombo kinachopeleka uzi kushoto na kulia, na "métier" ni kitanda cha mfumi, ingawa mahali pengine "métier" ni kazi ya mtu. Usiende siku ya pili. Nenda ya sita au ya saba, sikio likiwa limelegea.

Kisha Monplaisir, metro D, kituo cha Monplaisir-Lumière. Hapo ndipo ndugu Lumière, waasisi wa sinema, walipopiga filamu ya wafanyakazi wakitoka kiwandani mwaka 1895, na mtaa wenyewe unaitwa rue du Premier-Film. Filamu zile ni za chini ya dakika moja na hazina sauti. Ndiyo faida yake kwako: hakuna wa kukuzidi kasi, sauti unaitia wewe. Tazama moja, kisha isimulie kwa wakati uliopo, "les ouvriers sortent, un chien passe, une femme court". Irudie kwa wakati uliopita: "les ouvriers sont sortis". Nusu saa hapo ni sawa na sura nzima ya kitabu cha sarufi.

Bustani ya Tête d'Or haina kiingilio, na bustani ya wanyama ndani yake vilevile. Maktaba ya Part-Dieu nayo unaingia bure kusoma. Nenda moja kwa moja kwenye vitabu vya watoto na usione haya. Siku za mvua ndiko kwa kukimbilia.

Angalia siku za kufungwa kabla hujatoka. Makumbusho ya Lugdunum, ya Lumière na ya Confluences hufungwa Jumatatu, ya Beaux-Arts hufungwa Jumanne, na Jumapili maduka mengi hulala.

Chakula

"Menu" si orodha ya vyakula. Ni mlo mzima wa bei moja. Orodha ni "la carte". "Entrée" ni chakula cha kuanzia. Mchana ndipo bei zinapokuwa na huruma: tafuta ubao wenye "plat du jour", kati ya 12 h na 14 h. Ukifika 14 h 30 jiko limezimwa. Maji omba "une carafe d'eau", ya bure. Ukisema "de l'eau" tu unaweza kuletewa chupa ya kulipia. Huduma imo ndani ya bei.

Nyama kwetu huiva. Kwao "à point" bado ina wekundu ndani, kwa hiyo sema "bien cuit", na mpishi akinuna mwache anune.

Lyon inajisifu kwa migahawa iitwayo "bouchons", na humo nguruwe yuko kila kona: soseji, utumbo, hata kwenye saladi. Asiyekula aulize "Est-ce qu'il y a du porc dedans ?", na kwa mchuzi "Il y a du vin dans la sauce ?" "Quenelle" huwa ya samaki, lakini mchuzi wake wa Nantua una kamba wa mtoni, na kila jiko lina mapishi yake, kwa hiyo uliza. Chakula cha halali, mchele, mihogo na viungo vya kwetu, nenda Guillotière, kuzunguka place Gabriel-Péri. Na hapo usishangae kusikia Kiswahili cha Kongo kimechanganywa na Kifaransa katika sentensi moja.

Yanayokwama

Wanakujibu kwa Kiingereza. Hilo litatokea, na mara nyingi ni ukarimu. Sema kwa utulivu: "J'apprends le français, on peut continuer en français ?" Wengi watafurahi. Ila usilisemee dirishani penye watu kumi nyuma yako. Lisemee saa nne asubuhi, duka likiwa tupu.

Hukuelewa. Usiseme "oui" ya kujiokoa. Yapo matatu ya kuyashika hata usingizini: "Plus lentement, s'il vous plaît", "Vous pouvez répéter ?" na "Ça veut dire quoi ?"

Umemwona mtu amejikwaa na mdomo umekutoka "désolé", kwa maana ya pole. Atadhani wewe ndiye uliyemsukuma. Sema "Ça va ?" Pole ya kazi ni "bon courage", na inapokelewa vizuri ajabu. Ya msiba ni "mes condoléances". Karibu nayo ina sura mbili: ya kumpokea mgeni ni "bienvenue", ya kujibu asante ni "je vous en prie".

Unaondoka mgahawani usiku na unasema "bonne nuit", kama usiku mwema. Hiyo ni ya anayekwenda kulala. Sema "bonne soirée".

Siku ya nne au ya tano kichwa kinagoma. Kifaransa kinakuwa kelele, hata "bonjour" inakuwa nzito. Huo ni uchovu wa kusikiliza. Pumzika nusu siku bila kusemeshana na mtu, kaa kando ya Rhône, zungumza na nyumbani kwa Kiswahili, kisha urudi. Anayejilazimisha siku hiyo ndiye anayekimbilia Kiingereza siku tano zilizobaki.

Ukiugua kidogo, anza duka la dawa lenye msalaba wa kijani: "J'ai mal à la gorge", au "à la tête", au "au ventre". Mfamasia atakuuliza tangu lini, kwa hiyo andaa "depuis hier" au "depuis deux jours". Dharura ni 112.

Asubuhi ya mwisho pita bekari, nunua mkate wako, umwambie muuzaji "Je pars aujourd'hui". Atakutakia "bon retour", safari njema ya kurudi. Angalia usijibu "vous aussi" kwa mazoea, maana yeye haendi popote. Jibu "Merci, bonne continuation", na uwahi treni.